Mawe Yenye Makamasi

Mimi na shule tuliachana darasa la nne, na mpaka leo sijasikia kwamba shule ililia. Kwa hivyo nilipopata kazi Nakuru, haikuwa ya kalamu. Nilipewa reki. Kule chini karibu na ziwa, mahali maji machafu ya mji yalikuwa yanasafishwa, kazi yangu ilikuwa kutoa majani na matambara. Wasichana wakiniuliza nafanya wapi, nawaambia, "Niko upande wa maji." Upepo ukigeuka, wanajua ni upande gani.

Nilikaa kwa dada yangu mkubwa, mjane, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai, mandazi na supu ya mifupa. Maji ya kuoshea vyombo yalitoka nyuma, yakazunguka nyumba, yakalala mbele ya mlango wa jirani yetu, fundi wa nguo, na hapo yakaoza. Siku moja bwana afya akaja, Mwafrika mwenzetu, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata.

"Mama, hii maji ikiendelea hivi, nafunga hoteli."

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Miaka hiyo ya hamsini mtu hakukaa mjini hivi hivi tu. Lazima uwe na kibali, na kibali cha dada kilisimama juu ya hiyo hoteli. Bila hoteli, ni kurudi Mau Narok kuchuma pareto kwa mzungu, pale alipotoka na mgongo mbovu.

Dada akanigeukia. "Wewe unakula kwangu kila siku ukisema uko upande wa maji. Leta huo upande hapa!"

Sasa mimi nilijua tu kile nilikuwa nimeona kazini. Kulikuwa na kitanda kikubwa cha mawe, cha mviringo, na juu yake mkono wa chuma unazunguka polepole ukinyunyiza maji machafu. Yanaingia juu mabaya, yanatoka chini mazuri. Kwa nini? Sikuuliza. Nilidhani ule mkono unayapa kizunguzungu mpaka yanasahau uchafu.

Nikaokota pipa la lami lililotupwa, nikalitoboa chini, nikajaza mawe mepesi yenye matundu, yale ambayo Nakuru ukipanda viazi ndiyo unavuna. Juu nikaweka debe lililotobolewa kwa msumari. Pembeni nikachimba shimo, maji yatulie kwanza, mafuta ya supu yaelee na makombo yazame. Halafu tunateka kwa kopo, tunamwaga kwenye debe, yanadondoka juu ya mawe tone kwa tone. Chini yakapokelewa na mtaro mfupi niliopanda matete.

Mwanzoni yalitoka vile yalivyoingia. Fundi wa nguo akaanza kuniita "injinia", na haikuwa kwa heshima. Lakini siku zikienda, harufu ikapungua, ikapotea. Maji yakatoka maangavu, unaona mpaka chini ya mtaro. Mimi mwenyewe nilishangaa kuliko fundi, ila nilishangaa nikiwa nimefunga mdomo.

Ndipo bwana afya akatuma salamu kwamba Ijumaa atakuja kuangalia. Na ninyi mnajua Nakuru ya wakati huo: mkubwa akitaka kuja, kila jiwe la mji linapakwa chokaa. Mawe ya njia, mawe ya maua, hata jiwe la kufungia mbuzi.

Dada akafunua pipa, akaingiza mkono, akautoa haraka. "Ala! Mgeni anakuja, na wewe utamwonyesha mawe yenye makamasi?"

Kweli mawe yalikuwa yameota ute wa kahawia, yanateleza. Tukayamwaga yote. Tukayasugua kwa sabuni na brashi ya katani, tukayapiga chokaa, tukayapanga tena. Yaling'aa kama mayai. Hata fundi alitusaidia, akasema sasa ndiyo kazi.

Ijumaa ilipofika, mtaro ulikuwa unanuka kuliko zamani. Bwana afya akainama, akatoa jiwe jeupe, akaligeuza. Dada ameshika kanga mdomoni. Mimi naangalia viatu vyangu, na sikuwa na viatu.

"Nani ameosha haya mawe?"

"Sisi wote," nikasema.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na ukuta pia ulikuwa na chokaa, kaptura ikaharibika. "Mmefukuza wafanyakazi! Ule ute ni wadudu wadogo, jicho haliwaoni. Wao ndio wanakula uchafu. Jiwe ni nyumba yao tu."

"Basi sifungiwi?" dada akauliza.

"Weka mawe mengine, usiyapake kitu. Mwezi mpya ukionekana nitarudi. Yakitoka safi, unaendelea. Yakinuka, mama, utanisamehe."

Dada alingoja ule ute kama mtu anayengoja mkate uumuke. Kila asubuhi anagusa jiwe kwa kidole kimoja, anatikisa kichwa. Mpaka asubuhi moja nikasikia kelele nyuma ya nyumba: "Yanateleza! Njoo uone, yanateleza!"

Bwana afya aliporudi, aliteka maji kwa glasi ya chai, akayainua kwenye jua. Akanusa. Akayamwaga kwenye matete, akaingia ndani, akakaa.

"Mama, leta chai. Na glasi nyingine."

Jioni hiyo fundi wa nguo alikuja na adabu zake, naye anataka pipa. Akafunua letu aone, akanyoosha mkono kwenye mawe. Dada akamchapa na mwiko.

"Wacha makamasi yangu!"