Mikato mitatu mkiani

Saa moja asubuhi, mtaa wa Fordsburg, mbali na bahari. Vuai Makame anafungua boksi la samaki walioganda, anatoa mmoja na kumtazama mkia kabla hajatazama kitu kingine. Hakuna alama. Anamweka mezani, anachukua wa pili.

"Wenzangu wananiona nimerukwa na akili," anasema bila kuinua macho. "Waache. Mie najua n'nachokitafuta."

Vuai, mwenye umri wa miaka 41, mzaliwa wa Pemba, husafisha na kukata samaki katika duka hili kwa randi 950 kwa wiki, na hulala chumba cha kupanga mtaa wa Turffontein. Kutoka hapa hadi alikokuwa akivua ni safari ya basi ya karibu siku nzima. Aliikimbia bahari ile kwa hasira, na hasira yenyewe haijapoa.

Hadi Mei mwaka jana alikuwa mvuvi wa mshipi pwani ya magharibi ya nchi hii, penye majabali. Miezi hii, baridi inapoanza, ndipo hupita makundi ya snuku, samaki mrefu mwenye meno makali. Ndipo pia bahari huchafuka.

Botini kila mvuvi alilipwa kwa samaki aliowavuta mwenyewe. Ili wasichanganyike, kila mmoja alikuwa na alama yake ya kisu. Vuai alichanja pezi la mgongoni. Rafiki yake, Pandu Khatib, alikata mkia mara tatu, mkato wa kati mrefu.

Siku yake ya mwisho baharini, Mei hiyo, redio ilionya juu ya upepo tangu asubuhi. Boti nyingine zikarudi. Nahodha wao akasema samaki wanakula, wabaki.

"Na sisi tukabaki," anasema Vuai, sauti ikipanda. "Usimwandike nahodha peke yake. Mie mwenyewe nilisema tuvute kidogo tu. Ukilipwa kwa mkono wako, nani atakunja mshipi wa kwanza?"

Wakati wa kurudi, walipokuwa wanapenya kati ya majabali, wimbi liliingia kwa nyuma likamchukua Pandu. Hakuwa amevaa jaketi la kuokolea. Yalikuwapo manne kwa watu kumi na mmoja. Nahodha alizunguka mara moja tu, kisha akaelekea bandarini.

Kesho yake polisi walipewa orodha ya watu tisa waliokuwa botini. Pandu na Vuai, ambao hawakuwa na vibali, hawakuwamo. Nahodha alisema hamjui mtu aitwaye Pandu. Wengine, kwa kuogopa kukosa kazi, wakafunga midomo. Pandu, baba wa watoto wawili, akafutwa hivyo hivyo, kwa kalamu.

"Hamjui! Na asubuhi ya jana yake walimega mkate mmoja!" Vuai anapiga kisu mezani.

Tabia, mke wa Pandu, yuko Pemba. Kadhi anataka cheti cha kifo au mashahidi wawili, na aliyepo ni Vuai peke yake. Vuai anacheza ujumbe wa sauti kwenye simu yake. "Shemeji, nambie neno moja," mwanamke anasema. "Nikae eda, au niendelee kumfunikia chakula?"

Agosti mwaka jana, Vuai alifungua boksi moja hapa hapa dukani. Karatasi yake ilikuwa na jina la boti ile na tarehe ile. Ndani mlikuwa na samaki sita wenye mikato mitatu mkiani.

"Eish! Mtu wanasema hakuwapo, na samaki wake wanauzwa!"

Mwenye duka, Bi Bushra, mama wa Kitanga, aliwaweka kwenye friza pamoja na karatasi yao. "Wateja wakiwaulizia, nawaambia hao hawauzwi," anasema. "Wana mwenyewe."

Tangu hapo Vuai hukagua kila mkia unaoingia dukani. Alipotuma picha kwa wakubwa wa huko pwani, ofisa mmoja alimjibu kwa mistari miwili kwamba samaki si shahidi. Barua hiyo ameibandika juu ya friza.

Sasa wakili wa kujitolea amempatia siku mahakamani huko pwani. Shauri la kutaka Pandu atambuliwe kuwa alikufa botini litasikilizwa Alhamisi. Bado hana kibali, na akisimama pale anaweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Tiketi ya basi ameshakata. Boksi la barafu ameazimwa na Bi Bushra.

"Wakitaka wanirudishe," anasema, akimshika samaki mmoja wa Pandu kwa mkia. "Nitakwenda moja kwa moja kwa Tabia nimpe jibu lake. Lakini kwanza watanieleza wao: kama Pandu hakuwamo botini, mkia huu kaukata nani?"