Matairi ya Kumfuatia Mama

Niliondoka Nyakasimbi kwa sababu mwanangu alikuwa na miezi minne na mama hajamwona. Mama alikaa Kaisho, Mkatoliki wa moyo wote. Mke wangu Eliza ni Mlutheri wa Muleba, na ndoa tuliifunga kanisani kwao. Mama hakuja, wala hakukanyaga kwangu tangu siku ile. Sasa alituma neno: nimfuate, amwone mjukuu, kisha nimpeleke akalale misheni ya Wakatoliki, si kwangu.

Gari langu lilikuwa la mbio, la viti viwili, fupi hata ng'ombe walilitazama kwa juu. Aliniachia mzungu wa machimbo ya bati niliyemwendesha, alipokwenda kwao. Matairi yake yalikuwa yamelika, laini kama kiganja.

Asubuhi, Kayanga. Fundi wa gereji, mzee wa Kihaya, alinitolea matairi ya aina mbili: membamba ya barabara kavu, na manene yenye meno ya kukamata tope. Nikashika membamba. Kiangazi nilipenda gari lipepee juu ya changarawe, kama haligusi ardhi.

"Waitu, bwana wangu, huku vumbi, kule mvua," alisema. "Unamfuata nani?"

"Mama yangu."

"Basi usichague yanayokupendeza wewe."

Nikachukua yenye meno.

Saa sita nilikuwa vilimani. Matairi yalivuma kama mzinga wa nyuki, na mwendo ukapungua. Ukungu ukashuka. Migomba ilijitokeza mmoja mmoja, ikanitazama, ikayeyuka. Nikaona kana kwamba mimi nimesimama na vilima ndivyo vinavyopita.

Jioni, Kaisho. Mama alikuwa uani, akianika maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akalizunguka gari. "Hili ni gari au mtumbwi?"

Alfajiri tuliondoka, yeye na rozari mkononi. Kwenye mteremko mrefu mvua ikatukuta. Tope jekundu lilitiririka, na lori la kahawa lilikuwa limekwama, likiacha upenyo mwembamba kando ya bonde. Sauti ya sala ikakoma.

"Unaogopa?" akauliza.

"Naogopa, mama."

"Hata mimi. Nenda polepole."

Gari likayumba kidogo, meno yakauma ardhi, tukapita. Huko chini mawingu yalikuwa yamelala bondeni, meupe kama maziwa, nasi tukaelea juu yake muda mrefu.

"Siku ya ndoa yako nilivaa," mama akasema. "Nikakaa uani, nikisikiliza kama gari linakuja."

Siku ile nilikuwa nimetuma barua tu.

Alasiri, Nyakasimbi, jua limetoka na majani yanachuruzika maji. Eliza alipiga magoti, akaamkia. Mama akaitikia, akampokea mtoto, akamnusa shingoni, akafumba macho. Alikaa hivyo hata nikadhani amesinzia.

Nikauliza kama niwashe gari twende misheni.

"Liache lipumzike," akasema. Kisha, bila kufumbua macho: "Eliza, mwanangu, nitalala wapi?"

Nilichojifunza njiani ni kidogo, lakini kilinichukua miaka miwili tangu ndoa yangu kukiona. Kila aliyeniuliza habari za mama nilimwambia kwamba amekataa kuja. Kumbe sikuwahi kwenda kumchukua.