Bomba Lililopita Chini ya Mkate

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata salamu naichunguza kwanza. Kwa hiyo yule fundi alipoingia bulanjeri yetu ya mikate pale Kamina, siku za Zaire, nilimtazama mikono kabla ya uso.

Umeme wa mji ulikuwa ukikatika ovyo, na mume wangu alikuwa amepata groupe, mashine kuukuu ya kutengeneza umeme kwa mazut, yaani dizeli. Isipowaka, hatukandi unga, na kazi nyingine hatukuwa nayo. Rediata yake ilikuwa imetoboka. Fundi, mzee aliyestaafu karakana ya reli, hakuhangaika kuiziba. Aliunga mabomba ya maji ya moto kwenye injini, akayapitisha chini ya chumba tulimoweka mikate mibichi ivimbe, kisha akayarudisha injini. Ilikuwa kipwa, kiangazi chetu cha baridi, na unga ulikuwa umelala tu. Sasa ukavimba upesi. Mazut ile ile, kazi mbili! Nani anatoa vya bure Kamina? Tena chumba cha mashine alikifunga, na mimi mwenye nyumba nikawa wa kubisha hodi.

Asubuhi moja mke wa askari, mgeni kutoka mkoa wa Ekwateri, aliyechukua mikate kwetu kwenda kuuza Base, kambi ya jeshi, alimwuliza fundi mbona mikate imekuwa mikubwa. Fundi akajibu kwa majivuno:

"Mama, mashini hii inatosha moto kila siku. Njo mukate inavimba."

Alimaanisha mashine inatoa joto, ndiyo maana mkate unavimba. Lakini kwa Kilingala cha kambini, moto ni mtu; alisikia kwamba mashine inatoa mtu kafara kila siku. Yule mama aliweka beseni lake chini.

"Inatosha moto? Kila siku?"

Akaondoka bila mkate. Kesho yake hakuja mama hata mmoja wa Base.

Ningeweza kwenda kuwaeleza, maana neno lile nililijua vizuri. Lakini ukweli ni kwamba nilifurahi. Hatimaye nilipata wenzangu wa kumshuku. Na moyoni nikaanza kujiuliza, je, kama hakukosea kusema?

Siku ya tatu, fundi alipotoka kutafuta mazut na kuiacha mashine ikifanya kazi, niliingia kwa ufunguo wa mume wangu, nikafunga robine, ile koki ya lile bomba. Nilitaka kuwaambia akina mama kwamba kile kitu kimezimwa, warudi. Sikumwuliza mtu yale maji yalikuwa na kazi gani nyingine. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakipoza injini. Mashine ilinguruma, ikafuka mvuke, ikanuka chuma kilichoungua, ikakwama. Haikuwaka tena.

Fundi aliporudi aligusa robine, akanitazama mara moja tu. Mume wangu akauliza nani ameifunga.

"Weye njo unafungaka hii chumba," akamwambia fundi. "Ni nani mwingine? Kazi imeisha. Uende."

Nilisimama pale, mikono yenye grisi nimeificha ndani ya kitenge. Niliona haya hadi masikio yakawaka, lakini nilinyamaza. Fundi angeweza kunitaja. Alikusanya vyuma vyake vya kazi, akamuaga mume wangu, kisha akanigeukia.

"Bakia bien, mama."

"Uende muzuri, papa," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyekosewa.