Mapezi ya Baharini kwenye Bwawa la Matope

Mimi na mke wangu tulijifunza kuzamia Tanga, tulipokuwa vibarua wa kukagua matumbo ya meli. Kazi ilipokwisha tulirudi Korogwe, tukapanga nyumba karibu na Ngombezi. Yeye akafungua mgahawa, mimi nikawa fundi bomba. Vifaa vyetu vikakaa juu ya kabati. Mama mkwe, mwanamke wa milimani Usambara asiyependa hata kuvuka daraja, alikuwa akivitazama na kusema, "Viuzeni hivyo, mnunue mbuzi."

Siku moja wazee wa kijiji fulani upande wa Handeni walitutafuta. Bwawa lao lilikuwa na maji, lakini bomba halikutoa kitu. Kichujio cha chini kilikuwa kimeziba. Tuliuliza kwanza habari za mamba. Wakatuapia hakuna.

Tulishuka na mapezi yetu ya baharini, marefu na laini, yale unayoyavaa miguu mitupu kama viatu. Baharini yalikuwa raha: unapiga taratibu, unafika mbali. Bwawani kila pigo liliinua tope, na punde sikuona hata mkono wangu. Tulikuwa tumefungana kamba kiunoni. Nikahisi inavutwa, inalegea, inavutwa tena. Niliifuata kwa kupapasa mpaka nikamfikia mke wangu. Pezi lake lilikuwa limenasa kwenye matawi ya mti uliozama, naye alikuwa akijipinda kulifikia asiweze. Nilimshika bega atulie, nikalichomoa pezi mguuni, tukapanda.

Ukingoni alikaa, kisigino kilichochunwa na pezi kikitoka damu. Akasema tu, "Mimi humu sishuki tena."

"Sawa. Tuwaambie wazee imeshindikana."

Mama mmoja wa Kizigua aliyekuja na ndoo alichana pembe ya khanga yake, akamfunga kile kisigino. "Pole mwanangu," alisema. "Sisi tumeshazoea kufuata maji mbali. Wewe nenda ukapumzike." Hakuna aliyetulaumu. Nadhani hilo lilimwingia mke wangu kuliko lawama.

Njiani tulisimama Kabuku kunywa chai. Mke wangu alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Baba," akasema, "tumeingia bwawani na miguu ya baharini."

Tulimwomba mtu tuliyefanya naye kazi Tanga atutafutie mapezi mengine. Aliyapakia kwenye basi, tukaenda kuyapokea Segera. Yalikuwa mafupi, mapana, magumu, yamefunguka nyuma, na mkanda wa kukaza juu ya buti za mpira. Jozi moja ilikuwa nzito, nyingine nyepesi. Tuliyajaribu palepale kwenye benchi, huku wauza machungwa wakituangalia kama watu waliorukwa na akili.

Nilimwambia mke wangu tuagize jozi nyingine nzito, kila mmoja awe na yake, kwa kuwa zitadumu. Alikataa.

"Wewe suti yako ya kuzamia ni nene, miguu yako inaelea. Inataka uzito. Mimi suti yangu ni nyembamba, na mtungi wangu wa hewa ni wa chuma, umeshanivuta chini. Nikivaa haya mazito, miguu itachimba tope."

Alisema kweli. Nilikuwa nikifikiria mapezi peke yake, kama vile yanaogelea yenyewe.

Tuliporudi bwawani sikumuuliza kama atashuka. Alivaa buti, akakaza mikanda, ncha zilizoning'inia akazibana kwa plasta zisinase. Chini tulikunja magoti, tukapiga kwa upana kama chura, polepole. Tope lilitulia chini yetu. Kwenye kichujio tulitoa majani, mizizi na gunia la katani lililooza.

Bomba lilikohoa, likatema maji ya kahawia, kisha yakaja meupe. Wanawake walipanga ndoo bila kelele. Yule mama alionja kwa kiganja, akamwangalia mke wangu, akaitikia kwa kichwa taratibu.

Siku hizi watu wakiniuliza mapezi gani ni bora, naanza na maswali. Nawauliza watavaa na nini, na wanaingia maji gani. Wengine wanaona ninawazungusha.

Majuzi tumeitwa kwenye bwawa jingine. Mke wangu alitangulia kuliangalia, akakaa ukingoni muda mrefu, ndipo akanipigia simu: nisipakie kitu chochote kwanza, mpaka tuzungumze maji haya yanataka nini.