Tangi Moja na Mkwe

Kabla sijaeleza habari za mashine za kupasha maji, lazima niseme kwamba mama yangu hajawahi kumwona mume wangu akitafuna. Tumeoana miaka kumi na sita. Kwetu Umbeere tunaiita nthoni, na huku kwa mume wangu, Githongo, wanaiita vivyo hivyo. Ni heshima ya wakwe. Mama mkwe na mume wa bintiye hawaketi meza moja, na wakikaribia kukutana njiani, mmoja anakumbuka ghafla kwamba alisahau kitu kichakani. Wote wawili ni Wakristo wa kupigiwa mfano. Mmoja anaongoza kwaya. Lakini mpaka leo Yesu mwenyewe hajafaulu kuwaketisha pamoja.

Mwaka jana Mama alianguka akimfukuza mbuzi kule kwake Kiambere, akavunjika nyonga. Mbuzi yuko salama. Mama alipasuliwa mjini Meru, na dada wa mazoezi pale kliniki akanivuta kando akaniambia bila kuzunguka: aletwe mara mbili kwa wiki, na kila siku aoge maji moto, mguu ulegee, kisha atembee. Asipotembea ndani ya miezi mitatu, atakaa kitini mpaka siku ya kuzikwa. Kutoka Kiambere hadi kliniki ni safari ya kumchosha hata mzima. Kutoka kwetu Githongo ni karibu tu. Kwa hiyo ilibidi Mama akae kwa mkwewe.

"Hakuna mama analala kwa mkwe," alisema.

"Utalala kwangu."

"Hiyo nyumba ni ya nani?"

Nilimwambia nyumba ni ya anayeipiga deki, na anayeipiga deki ni mimi. Alicheka mpaka akashika mshono. Akakubali kwa masharti: atatumia mlango wa nyuma, atakula chumbani mwake, na huyo mtu asipite popote bila kutoa sauti. Ndivyo mume wangu, mtu wa kilo mia na ushee, alivyogeuka mtu wa kukohoa nyumbani kwake mwenyewe. Alikohoa akiingia, akakohoa akitoka, mpaka jirani akatuletea asali na malimau.

Likabaki suala la maji. Mimi nimekulia Kiambere, ambako mpira wa maji umelazwa juu ya mawe, na saa nane mchana ungeweza kusongea ugali kwa yanayotoka. Tuliishi karibu na bwawa linalotoa stima ya nchi nzima, nyumbani tukawasha koroboi, lakini kuhusu maji moto hatukuwa na malalamiko. Maji ya Githongo yanatoka mlimani na hayajasahau kwao. Miaka yote tulikuwa tunayachemsha kwa sufuria kwenye jiko la nje na kuogea karai. Sasa mgonjwa wa nyonga hawezi kuinamia karai. Anahitaji kuketi kwenye kiti cha plastiki, maji yamwangukie kutoka juu.

Nikaita fundi wa stima.

"Madam, weka instant," alisema. Akaeleza kwamba ile inafungwa juu pale maji yanapotokea, inayapasha yakipita, hungoji chochote. Nyingine ni ya tangi: inaning'inia ukutani, inapasha lita hamsini na kuzitunza, lakini ungoje karibu saa nzima, na zikiisha zimeisha. Mume wangu ni mtu asiyeweza kungoja chai ipoe. Akachagua instant. Fundi akavuta waya mnene, akaweka swichi ya taa nyekundu, akatuonya tusiguseguse mfereji tukiwa tumelowa.

Jioni ya kwanza nilimketisha Mama, nikafungua. Yalitoka maji vuguvugu kama chai ya matanga. Balbu ikafifia. Jioni ya pili, hivyo hivyo. Lakini asubuhi yalikuwa yanaunguza! Fundi akarudi, akajikuna kichwa.

"Ni factory, madam. Wakianza kusaga kahawa jioni, stima inalala. Instant inataka stima yote mara moja, na factory pia inataka. Sasa hapo nani atashinda?"

Msimu wa kahawa ulikuwa umeiva. Asubuhi mimi hutoka kwenda shuleni kufundisha, na jioni ndiyo saa pekee niliyokuwapo kumshika Mama mkono. Mama alisikiliza maelezo yote akiwa amejifunga leso, akitetemeka.

"Stima tunatoa sisi Kiambere," alisema, "nyinyi mnasagia kahawa."

Nyuma ya ukuta mume wangu, ambaye mchana huo alikuwa amepeleka magunia yake mwenyewe pale factory, alikohoa.

Tukabadilisha. Fundi akaichukua instant yake, akaleta tangi. Nililipenda lile tangi. Lilijipasha polepole mchana factory ikiwa imelala, kisha likatunza joto lake likingoja, kama mtu mwenye akili. Jioni nilimpeleka Mama bafuni kwa madaha. Akaliangalia tangi jinsi anavyoangalia fahali mnadani.

"Maji yanakaa humo?"

"Yanakaa humo."

"Na huyo mtu naye anaoga ya humo?"

"Sote tunaoga ya humo, Mama."

Akaifunga leso yake upya. "Nirudishe kitandani."

Nilidhani amepatwa na maumivu. La. Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. Maji ya ile ya kwanza yalikuwa yanapita tu, kila mtu na yake. Haya yanakaa mahali pamoja, yake na ya mkwewe. Hilo tangi, kwa Mama, lilikuwa karai lenye kifuniko. "Unataka mimi na mume wako tuoge karai moja?" Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama aliyavulia nguo, akazivaa tena.

Nilibishana naye kama wakili. Nikamwambia maji yakishatoka kwenye bomba hayarudi. Nikamwambia hata kanisani wanabatizwa kwa maji ya beseni moja.

"Hayo ni ya Mungu," alisema. "Haya ni ya mkwe."

Siku tatu hakuoga. Mguu ukakauka kama gogo, mazoezi akayakataa. Siku ya nne akaniagiza nimtafutie gari la kumrudisha kwao. Nilikasirika, na sitajifanya sikukasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, nikatoka, nikaenda kulia katikati ya miti ya kahawa. Nilimwona tayari: kiti mlangoni kule Kiambere, mbuzi wanakula mahindi yake mbele ya macho yake, naye hawezi kuwatupia hata jiwe.

Usiniulize ni aibu gani kumwambia mume wako kwamba mama yako anaogopa maji yake. Nilitarajia acheke. Hakucheka.

"Mwambie tangi ni lake peke yake," alisema. "Mimi si niko na kule nje?"

Kule nje ni bafu letu la zamani, mabati manne kando ya shamba. Tukalimwaga tangi lote Mama akisimamia, tukalijaza upya. Jioni hiyo alioga mpaka vidole vikakunjamana. Akapiga hatua nne ukumbini akishikilia fremu yake ya chuma. Wiki iliyofuata sita, kisha kumi. Kwa kumi akagoma.

"Kumi zatosha. Mimi si askari."

Dada wa mazoezi alitikisa kichwa. Hatua kumi za sakafu laini, binti akiwa kando, hizo hazikuwa kutembea. Lazima atoke nje mwenyewe, akanyage udongo. Mwezi wa tatu ulikuwa umeshaanza. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwahidi mbuzi mpya. Hakutoka.

Asubuhi zote hizo, nikitoka langoni kwenda shuleni, nilikuwa namsikia mume wangu akiimba kwenye mabati. Nyimbo za kwaya, lakini mbio mbio, beti nne kwa pumzi moja. Jirani aliniuliza kama tumehamia kanisa jipya. Aibu yangu ni kwamba sikujiuliza hata siku moja maji ya kuoga aliyatoa wapi.

Aliyejiuliza ni Mama. Ijumaa jioni nilikuwa nikimkanda mguu.

"Huyo mtu asubuhi huwa anaimba au anakufa?"

"Anaimba, Mama."

"Dirisha langu linatazama jiko la nje. Asubuhi sijawahi kuona moshi."

Nikamwendea mume wangu, nikamuuliza. Akakiri. Kufika jiko la nje lazima mtu apite chini ya lile dirisha. "Nipite hapo kwa mama mkwe na taulo?" alisema. "Heri hiyo baridi." Wiki saba mwanamume huyo alikuwa anajimwagia maji ya mlimani alfajiri. Nilirudi nikamweleza Mama. Alivuta blanketi, akageukia ukutani.

Kesho yake, Jumamosi, niliamshwa na harufu ya moshi. Nilikimbia chumbani kwa Mama. Kitanda kilikuwa kitupu, fremu haipo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye tope kulikuwa na vishimo vinne vinne vya miguu ya fremu, vimekwenda kwa kupinda mpaka jikoni. Nilivifuata nikiwa peku.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, anapuliza moto. Sufuria kubwa lilikuwa linafuka mvuke. Alikuwa amelijaza kwa kikombe, kutoka mfereji ulio pale mlangoni pa jiko, kikombe kimoja kimoja.

"Mpelekee huyo mtu maji," alisema. "Akifa na nimonia watasema ni mimi."

"Mama, umefikaje hapa?"

"Kwani ni mbali?"

Nilibeba yale maji huku machozi yananitoka, nikaulaumu moshi. Mume wangu aliyapokea mlangoni pa mabati bila kuuliza yametoka wapi. Alijua. Nilirudi jikoni, nikasimama karibu na Mama.

Ndipo mume wangu akaanza kuimba kule kwenye mabati. Polepole, ubeti baada ya ubeti, na kila neno linasikika. Mama aliinamisha kichwa kusikiliza, na mimi nikangoja.

"Kumbe huyu mtu ana sauti," alisema. Akashika fremu yake, akainuka kwenda kutafuta ukuni mwingine.