Daftari Safi la Diep

Diep aliandika vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo la biolojia, na alijua hivyo. Kwao Nam Dinh, Vietnam, watoto wa shule ya msingi hushindanishwa kwa usafi wa daftari na uzuri wa mwandiko, naye alishinda miaka minne mfululizo. Aliyempokonya ushindi mwaka wa tano, hadi leo hamsemi vizuri.

Basi alipokuja Uingereza kusomea biolojia, katika chuo kimoja cha kaskazini ambako mvua haina adabu, aliendelea alivyozoea. Maabarani aliandika hesabu zake kwenye vikaratasi. Jioni alizinakili daftarini kwa rula na wino mweusi, kisha vikaratasi akavichana na kuvitupa. Callum, kijana wa Barnsley aliyefanya naye kazi meza moja, hakumwacha apumue.

"We Diep, hilo ni daftari au kadi ya harusi?"

"Na lako? Tambara la deki?"

Wiki ya tisa mwalimu wao, Dakta Maureen Hesketh, alikusanya madaftari, na kesho yake akamwita Diep ofisini. Hakumzungusha. Maabara yake ilikuwa na sheria moja: kila hesabu huandikwa papo hapo daftarini, na ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unatia sahihi pembeni. Daftari la miezi miwili lisilo na kosa hata moja lilimtia shaka. Akauliza karatasi za mwanzo ziko wapi, Diep akasema amezitupa. Dakta akashusha pumzi. Alieleza kwamba kesi ya kupika takwimu hupelekwa kwenye kamati, na anayepatikana na hatia hufukuzwa. Diep hakuhitaji kuambiwa kwamba mwanafunzi wa kigeni akifukuzwa, viza nayo inakwenda.

Mwingine angelia. Diep alipandwa na hasira kwanza, hofu ikafuata nyuma. Yaani mtu aitwe mwongo kwa sababu ya usafi!

"Nzi wapo, mwalimu," alisema. "Wote wamo kwenye spiriti, kabatini. Twende tukawahesabu sasa hivi, wewe na mimi."

Walikuwa nzi wa matunda, wadogo kama ufuta, chupa kumi na mbili, na kazi ilikuwa kujua wangapi katika kila chupa wana macho meupe. Wakaketi mbele ya hadubini. Dakta alihesabu kwanza, Diep akarudia, kisha daftari likafunguliwa. Chupa ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Kufika ya kumi na moja, Dakta alikuwa ameshalegeza mabega na anauliza habari za Nam Dinh.

Chupa ya mwisho Dakta akapata thelathini na tisa. Daftari nalo lilisema thelathini na tisa.

"Inatosha," alisema, akavua miwani. "Yamekwisha, nenda kapumzike."

Lakini Diep alikuwa hajahesabu zamu yake. Angeweza kuinuka, akashukuru, akaenda zake, na hakuna ambaye angejua. Akawahesabu, naye akapata thelathini na tisa. Kisha akakigeuza kizibo cha chupa, na kwa ndani kulikuwa na nzi mmoja aliyenasa, mabawa tu yakionekana. Akamtoa kwa kibano na kumweka chini ya hadubini. Macho meupe.



"Arobaini, mwalimu," alisema. "Tumekosea wote wawili."

Akachukua kalamu yake, akapiga mstari mmoja juu ya thelathini na tisa, akaandika arobaini, akatia tarehe na sahihi. Ukurasa ule ulimuuma kuutazama.

Dakta naye aliutazama, kwa muda mrefu kuliko kurasa zote zilizotangulia.

"Mpika takwimu hamtafuti nzi wa arobaini," alisema. "Kamati haitakuona. Ila kuanzia kesho uandike humuhumu, lichafuke."

"Litachafuka," alisema Diep.