Kwa Miguu Hadi Kwa Zuhura

Nilikwenda Doha kwa sababu mbili, lakini kanisani nilitaja moja tu. Sirkiti yetu ya Nkubu, yaani kundi la makanisa ya Kimethodisti ya eneo letu, ilikuwa inaandaa kijitabu juu ya Wamethodisti wa Meru waliotawanyika ng'ambo: walikutana wapi, waliabudu vipi, nani aliwakusanya. Mimi ni mwalimu wa historia, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Baba yangu, mchungaji mstaafu, ndiye aliyewekwa kuwa msomaji wa mwisho kabla ya kitu chochote kupigwa chapa.

Sababu ya pili ilikuwa ndugu yangu Kirimi. Alihamia Doha mwaka 2003 kuendesha gari la familia moja, na tangu hapo yeye na Baba hawakusemezana. Kirimi alikuwa amemwoa Zuhura, Mwislamu wa Mombasa, na Baba alikataa kuwapokea. Hakupiga kelele siku ile. Aliwaacha wamesimama uani na mizigo yao, akaingia ndani kumalizia mahubiri ya Jumapili. Mimi nilikuwa dirishani. Niliwaona wakigeuka, na sikutoka.

Desemba 2013, shule zilipofungwa, nilifunga safari. Asubuhi ya kuondoka Baba alinisindikiza hadi langoni. Aliniuliza kama nina sweta, kama nimebeba dawa ya presha. Kisha, akitazama barabara, akauliza, "Huo mji ni mkubwa?"

"Wanasema ni mkubwa, Baba."

"Mtu anaweza kukaa humo miaka na asikutane na mwenzake."

"Anaweza."

Akaitikia kwa kichwa. Jina la Kirimi halikutajwa.

Alhamisi jioni nilipokewa na Kagendo, muuguzi kutoka Chuka aliyekaa Doha zaidi ya miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumeandikiana barua pepe miezi mitatu. Ni mwanamke mfupi, anayetembea kama anayechelewa zamu hata akiwa likizo. Alinipeleka kwenye chumba chake Al Sadd, juu ya barabara yenye maduka ya simu na mikahawa. Nilipokuwa nanawa nikamwambia, bila kugeuka, kwamba Kirimi, dereva wa huko Muaither, pembezoni mwa mji, ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Kagendo aliweka sufuria chini. "Najua, mwalimu. Mnafanana hadi masikio. Huyo tutamfikia, lakini tutamfikia mwisho. Nataka kwanza ujue alifanya nini."

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya ibada kwa kuwa ndiyo ya mapumziko, tulikwenda kwenye eneo la makanisa nje kidogo ya mji. Nilitarajia mnara au msalaba. Nje hakuna hata kimoja. Kuna ukuta, lango, walinzi wanaokagua mikoba, na maegesho yaliyojaa mabasi ya wafanyakazi. Ndani ndipo nilipostaajabu: watu wa mataifa yote wakipishana kwenye korido, ibada moja ikitoka chumbani na nyingine ikisubiri mlangoni, Wafilipino, Wahindi, Wanigeria. Kundi letu lilipewa chumba kwa saa moja na nusu. Tuliimba wimbo wa Kimeru kwa sauti zote nne, na baba mmoja wa kundi jingine aliyekuwa akingoja zamu yao nje akaingia kusimama nyuma, asielewe neno, akitikisa kichwa.

Baada ya ibada kijana mmoja, fundi wa kompyuta, aliniambia kwa fahari, "Mwalimu, historia yetu yote iko hapa."

Kagendo akacheka. "Wewe umekuja juzi. Hapa ndipo tulipofika. Tulikoanzia hakuna kibao. Kesho namtembeza kwa miguu."

Nilimwuliza kwa nini kwa miguu, na magari yamejaa. Akanijibu kwamba miaka ile asubuhi ya Ijumaa usafiri ulikuwa wa shida, teksi hazionekani, na wengi wao hawakuruhusiwa kukaa nje muda mrefu. Walitembea. Nikitaka kuandika juu yao, itabidi miguu yangu ijue.

Jumamosi saa moja asubuhi tulianza pale pale Al Sadd. Hatukwenda mbali. Nyuma ya duka la mapazia Kagendo alisimama mbele ya jengo refu la vioo lenye benki chini. "Hapa," akasema. Palikuwa na nyumba ya ghorofa mbili, na chumba cha juu upande wa kushoto kilikuwa chake na wauguzi wenzake wawili. Mwaka 2004 walianza watu watano. Walikaa vitandani kwa sababu viti havikuwepo. Kabla ya kuimba walikunja taulo na kuziba nalo chini ya mlango, sauti isiwasumbue majirani.

"Mliogopa?" nikauliza.

"Tuliona aibu zaidi kuliko kuogopa. Unajua kuimba 'Bwana asifiwe' kwa kunong'ona? Unajiskia kama mtu anayeiba. Lakini tukazoea. Siku hizi nikiimba kwa nguvu pale kanisani, bado nasikia ile ya kunong'ona chini yake."

Alinionyesha kwa kidole mahali dirisha lilipokuwa, angani tu, mbele ya kioo cha ghorofa ya pili. Mlinzi wa benki akatutazama kwa mashaka. Nikaandika: dirisha lilitazama msikiti, na wao walipanga ibada iishe kabla ya adhana ya adhuhuri, ili watu wakitoka kuswali wasipishane nao ngazini.

Kutoka hapo tulitembea hadi ufukweni, kisha tukaifuata barabara ya pwani kuelekea minara ya West Bay. Ilituchukua karibu saa mbili na nusu. Upepo ulikuwa wa baridi na bahari tulivu. Kisigino changu kilianza kuchubuka kabla hatujafika nusu, lakini sikusema.

Saa nne hivi tulikutana na Okello, Mganda mwenye umri wa miaka hamsini hivi, mlinzi wa jengo la ofisi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, sare yake bado imenyooka. Nyumbani kwao si Mmethodisti. Alikuja kwenye kundi kwa sababu ndilo lililokuwa na Kiswahili.

"Madamu, sisi kanisa yetu ilikuwa hapa," akasema, akikanyaga kijia cha waenda kwa miguu kati ya mitende miwili michanga. "Dakika ishirini tu. Wale wa mchana wanaingia, wale wa usiku tunatoka. Tunasimama watatu, wanne, kama watu wanaongea mambo ya mshahara. Mmoja anaomba. Macho wazi."

"Kwa nini macho wazi?"

"Mtu akifunga macho barabarani, watu wanauliza ana nini."

Walikuwa na utaratibu wa Kimethodisti kamili bila kujua ni wa Kimethodisti: kikundi kidogo, kiongozi anayemwuliza kila mmoja hali ya roho yake wiki hiyo, na kila mmoja kujibu kweli. Mababu zetu katika imani walianza hivyo hivyo, nje ya majengo. Nilimweleza Okello. Akasema, "Basi tulikuwa sawa." Akatuaga, akaenda kulala.

Jumapili nilishinda na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka kwenda Muaither.

Ni mbali. Kutoka Al Sadd kuelekea magharibi mji unalegea polepole: maduka yanapungua, kuta za nyumba zinarefuka, vumbi la rangi ya maziwa linatanda pembeni mwa lami. Kagendo alinisimulia njiani. Mwaka 2005 ile nyumba ya ghorofa ilipangwa kubomolewa. Kundi lilikuwa limefika watu kumi na wanane na halikuwa na pa kwenda. Mtu mmoja tu ambaye Kagendo alimjua alikuwa na mlango wake mwenyewe: Kirimi, ambaye mwajiri wake alimpa nyumba ndogo pembeni ya ua, vyumba viwili na jiko, akae na mkewe.

"Nilimwomba," Kagendo akasema. "Akakataa katakata. Akaniambia, 'Kanisa lenu liliniacha uani na mizigo. Sasa mnataka sebule yangu?' Nilikuwa nimeshafika langoni nikienda zangu, Zuhura akatoka mbio na kanga kichwani. Akasema, 'Dada, waje. Mimi nitasema naye.'"

Nilisimama. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Mwenye nyumba je?"

"Kirimi alikwenda kumwomba ruhusa mwenyewe. Yule mzee wa Kiqatari akamwuliza jambo moja tu: mtakunywa pombe? Akamwambia hapana. Basi, khalas. Akasema gari zisizibe lango."

Saa nne hivi tulifika. Ukuta mweupe, lango la chuma la kijani, na pembeni mlango mdogo. Kagendo akagonga. Aliyefungua alikuwa Zuhura. Alikuwa amenenepa kidogo na nyusi zake zilikuwa zile zile. Alinitazama, akamtazama Kagendo, akanitazama tena.

"Wifi," akasema. "Waingia ama wabaki mlangoni?"

Niliingia. Hotuba niliyoiandaa tangu Nkubu ilipotea yote. Nilisema tu, "Nilikuwa dirishani siku ile. Niliwaona mkiondoka."

"Nilikuona," akajibu. "Pazia lilitikisika. Keti, upumzishe miguu."

Tulikaa kwenye sebule yenyewe, chumba kisichozidi hatua sita kwa tano. Nikamwuliza walikaaje humo watu kumi na wanane. Akanionyesha: wanawake kwenye zulia, wanaume ukutani, viatu vyote akiviingiza jikoni visije vikajazana nje. Yeye alikaa huko jikoni, mlango ukiwa nusu wazi, akichemsha chai ya maziwa na tangawizi. Mwaka wa kwanza walipofanya ibada ya Agano, ile ya mwanzo wa mwaka yenye Meza ya Bwana, alimwuliza Kagendo wanahitaji nini. Akatafuta juisi ya zabibu mwenyewe madukani, akapika mkate mmoja wa duara usio na iliki wala sukari, kwa sababu aliambiwa uwe wa kawaida.

"Kwa nini ulitufanyia hivi?" Nilijiona nimesema 'tu', nami sikuwepo.

Zuhura alinimiminia chai. "Nilipofika hapa, mwaka ule ule, mamangu alifariki Mombasa. Sikuweza kwenda. Kirimi alikuwa safarini na mwajiri wake. Kagendo alisikia, akaja na wauguzi wenzake. Walijifunika vichwa, wakakaa nami siku tatu kwa zamu. Hawakunihubiria. Waliosha vyombo, wakanipikia uji, wakaniacha nisome Kurani yangu. Sasa watu hao waje wakose pa kukaa, na mimi nina zulia?"

Kirimi aliingia saa sita, funguo za gari mkononi. Nywele za pembeni zimeingia mvi. Hakunikumbatia. Alisimama karibu na mlango.

"Umekuja kwa ajili ya kitabu, au kwa ajili yangu?"

"Niliaga kwa ajili ya kitabu," nikasema. "Nimepanda ndege kwa ajili yako."

"Baba anajua uko kwangu?"

"Hajui."

"Basi bado hujafika."

Zuhura alimwambia, "Kirimi, mtu ametembea kutoka Al Sadd. Mtazame visigino." Akatazama. Nadhani hilo ndilo lililomlegeza, kwa sababu alikwenda kuleta plasta, akapiga goti kunibandika kama alivyofanya tulipokuwa watoto na mimi naanguka kila mara. Bado ameinama, akasema, "Ukiandika, liandike jina lake. Kama kwenu haliandikiki, na langu usiliandike. Ile miaka mitatu waliyoabudu humu, hii ilikuwa nyumba ya mke wangu. Mimi nilikuwa nafungua lango tu."

Nilikaa kwao siku nne. Sikuandika chochote siku hizo. Tulikula pilau, tulibishana juu ya nani alivunja redio ya mama, na Ijumaa Kirimi alinipeleka kwa gari hadi lango la makanisa, akangoja nje hadi ibada ilipoisha.

Januari nilirudi Nkubu na daftari mbili. Niliandika sura nzima juu ya Muaither na jina la Zuhura likakaa kwenye mstari wa kwanza. Kamati ilisita. Mzee mmoja aliuliza, kwa upole, kama Mwislamu anaweza kuwekwa kwenye historia ya Wamethodisti. Nilijibu kwamba sijui awekwe wapi kwingine, kwani wakati ule mlango wa Wamethodisti wa Doha ulikuwa wake. Wakasema mchungaji aamue.

Baba alikaa na karatasi siku mbili. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, aliniita. Karatasi zilikuwa magotini mwake.

"Wakati wakiimba, huyu mama alikuwa wapi?"

"Jikoni, Baba."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mlango nusu wazi."

Alivua miwani. "Mimi niliwafungia mlango wote." Mimi nilikuwa nimesimama kama mwanafunzi. Kisha akasema sura isipunguzwe hata neno. Nilipogeuka kuondoka akaniita tena. "Una namba yake? Ya Zuhura. Kirimi nitazungumza naye baadaye, nikishajua la kusema."

Katika safari ile nilikwenda kutafuta majengo nikakuta kati ya yale ya mwanzo hakuna linalosimama tena, isipokuwa chumba cha hatua sita kwa tano chenye zulia. Nimeelewa pia kwamba mtu anaweza kulitumikia kanisa maisha yake yote, kama Baba, na bado mambo makubwa ya kanisa hilo yakatendwa na mtu aliyemwacha uani. Sikuyasema haya kwake. Nilipiga namba, nikampa simu.

Ameongoza mazishi mengi na kuhubiri mbele ya maaskofu, lakini aliishika ile simu kwa mikono miwili na hakujua aanzie wapi. Alikohoa. "Zuhura," akasema. "Huko kwenu kuna mvua?"

Nilisikia kicheko chake kikitoka kwenye simu, kikiwa na kilio ndani yake. "Hakuna mvua, Baba. Huku hainyeshi."

"Sisi tunayo," Baba akasema. "Tunayo ya kutosha. Mje."